Masizi ya Pikapu ya Mkate

Siku ya kumzika muuza mkate, pikapu yake mwenyewe ndiyo iliyombeba hadi makaburini, na ilipofika huko ikakataa kuzima. Aliyekuwa akiendesha ni mdogo wa marehemu. Alizungusha ufunguo, akauchomoa, akashuka na kufunga mlango, na injini ikaendelea kukohoa na kutetemeka nyuma yake. Akautazama ufunguo mkononi. Akaitazama pikapu. Akautazama tena ufunguo, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Wanaume waliokuwa wamesogea kushusha jeneza wakarudi nyuma bila kuambiana. Mnong'ono ukapita, na wala haukufichwa sana, kwamba huyu bwana bado hajakubali kwenda. Nani aliuanzisha haijulikani, maana maneno ya msibani hayana mwenyewe.

Mama mzazi wa marehemu alikuwa bado ameketi kiti cha mbele, mikono yote miwili juu ya dashibodi, na mikono ile ilikuwa inatikisika pamoja na gari.

"Anatetemeka," alisema. "Mwanangu anatetemeka."

Mjane alikuwa amesimama pembeni, macho makavu. Yeye ni fundi wa magari. Gereji wanamwita Spana, tangu alipokuwa binti mwembamba anayejipenyeza chini ya gari bila kuhitaji jeki, na hata baada ya kunenepa jina halikumtoka. Tangu asubuhi alikuwa anafanya anachoambiwa: kaa hapa, simama pale, shika hiki. Lakini aliposikia ule mkohoo hakuna aliyemwambia kitu, miguu ilikwenda yenyewe. Alifungua mlango wa dereva, akaketi kando ya mama mkwe wake, akakanyaga breki hadi mwisho, akakanyaga klachi, akatia gia ya nne, kisha akaiachia klachi kwa ghafla.

Ndivyo inavyozimwa injini ya namna hiyo, na nyumbani alikuwa akiizima hivyo karibu kila jioni. Pikapu iliruka mara moja ikafa. Ila nyumbani huwa haina mzigo. Nyuma, jeneza liliteleza likagonga ubao wa mlango kwa kishindo kilichosikika makaburi yote.

Fundi mwingine yeyote angefanya hivyo hivyo, na asiye fundi asingefanya kamwe. Watu walishika vichwa. Shemeji mtu akatazama chini. Mama mkwe akageuza shingo polepole, akamtazama Spana kama vile ndiyo kwanza anaonyeshwa sura yake.

"Umemzima," akasema.

Akashuka. Spana alimpa mkono wa kumsaidia, mkono ukabaki hewani.

Sasa, kisa chenyewe hakina jini wala mzimu, na afadhali tuliseme hilo mapema. Injini ya petroli ya kizamani, yenye kabureta, huwakia kwa cheche za plagi, na ukizungusha ufunguo cheche zinakatika. Hapo gari lenye afya hunyamaza. Lakini kama ndani ya silinda mmejaa masizi, joto likizidi yale masizi huiva yakawa mekundu kama kaa la moto, na pistoni ambazo bado zinazunguka huendelea kuvuta petroli kidogo kidogo kutoka kwenye kabureta. Petroli ikikuta kaa, inawaka, cheche ziwepo zisiwepo. Gari linajiendea lenyewe, kwa shida, kwa kugongagonga, hadi makaa yapoe au mtu alikabe kwa gia.

Na pikapu ya mkate ilikuwa na masizi ya kutosha kupaka nyumba. Muuza mkate alikuwa mtu wa kusimama kila duka, anaacha injini inanguruma, anashuka na kreti, anapiga soga, anaulizia watoto wa mwenye duka mmoja mmoja, anarudi, anasogea hatua chache, anasimama tena. Gari halikupata kukimbia likajisafisha. Kisha siku ya maziko likapandishwa kilima kwa gia ya kwanza, nyuma ya watu wanaotembea kwa miguu, jua la utosini, jeneza nyuma na wanaume wamening'inia pembeni. Lingezima vipi? Spana angeweza kuyaeleza hayo akiwa usingizini. Lakini siku ile hakuna aliyemuuliza.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, vyumba viwili na sebule, jiko upande wa nyuma, ua wa saruji wenye geti la chuma linalokwaruza chini kila likifunguliwa. Mama mkwe aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe. Ikumbukwe kwamba Spana hakuwa na mama mwingine. Wake alimfia kabla hajaota meno ya ukubwani, akalelewa na mjomba katikati ya matairi. Mama mkwe ndiye aliyemkaripia kwa kucha nyeusi, aliyemfundisha kufunga kitambaa kichwani kisidondokee kwenye mkanda wa feni, aliyemwita mwanangu bila kuongeza neno la ukwe mbele wala nyuma. Bwana amekwenda. Mama naye akiondoka, nyumba itabaki na mtu mmoja na sahani nyingi. Hilo Spana alilijua vizuri, kama unavyojua jambo lililoandikwa ukutani. Tatizo ni kwamba alilijua tu, hakulihisi.

Hakuhisi chochote. Asubuhi aliamka, akapiga mswaki, akaenda gereji, akafungua boliti na kuzifunga. Wateja walimpa pole, akajibu ahsante, akauliza gari linasumbua nini. Siku moja aliegemeza mkono kwenye bomba la moshi la gari lililotoka safari, na aliyegundua ni mpiga rangi wa gereji, jirani yake wa miaka mingi, ambaye wanamwita Brashi. Alinusa kitu kinaungua, akatafuta ni nini, akakuta ni Spana. Alimvuta mkono akautia kwenye ndoo ya maji huku akimsema, kwamba hata nyama ya kuchoma huwa inageuzwa upande wa pili. Kwa kawaida Spana angemrudishia maneno mawili makali zaidi. Safari hii aliutazama ule mkono ndani ya maji, akasema ni kweli.

Nyumbani, mama mkwe hakumsemesha. Alisema na sufuria. Aliiambia sufuria kwamba chai ipo, mwenye kutaka atamimina. Aliuambia ufagio kwamba kuna watu wanaingia na viatu vya grisi. Spana alikunywa chai aliyoambiwa sufuria, akavua viatu vilivyotajwa kwa ufagio, na mambo yakaenda. Wanawake wawili wanaweza kuishi hivyo muda mrefu sana, hasa kama mmoja amechukia na mwingine amekufa ganzi.

Aliyevunja kimya ni mama mkwe. Ilikuwa asubuhi, Spana anafunga kamba za viatu kizingitini, na pikapu imesimama uani pale ilipoachwa baada ya msiba.

"Liwashe gari," mama akasema.

Spana akaliwasha. Mama mkwe akapanda kiti cha mbele, akaweka mikono juu ya dashibodi kama siku ile, akafumba macho.

"Haya, lizime."

Spana akazungusha ufunguo. Injini ilikuwa ya baridi, makaa hayakuwepo, ikazima papo hapo, kimya, kwa adabu zote. Mama mkwe akangoja. Akangoja tena. Kisha akashuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Spana akabaki amekaa ndani ya gari lililozima vizuri, na huenda ndiye fundi wa kwanza duniani kulilaumu gari kwa sababu hiyo.

Siku ile hakwenda gereji moja kwa moja. Alipakia mchanga nyuma ya pikapu, akaipandisha kilima kwa gia ya chini, akaishusha, akaipandisha tena, hadi sindano ya joto ikakaribia nyekundu. Kabla ya hapo alikuwa amechukua bisibisi akazungusha skrubu ya kabureta inayopanga kasi, injini ikawa inazunguka kwa kasi kuliko inavyotakiwa hata mguu ukiwa haupo kwenye pedali. Jioni mapema aliingia getini, akasimama, akachomoa ufunguo, akaondoa miguu kwenye pedali, akakaa mikono mapajani.

Pikapu ikakohoa. Ikatetemeka. Ikaendelea.

Mama mkwe akatokea jikoni na mwiko mkononi. Akapanda, akaketi. Spana akateremka akaenda kusimama karibu na ukuta, lakini madirisha yalikuwa wazi na mama hakupunguza sauti. Alimweleza mwanawe kwamba bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, kwamba jirani wa upande wa juu amekuja kutoa pole na kuondoka na bakuli, kwamba usiku goti la kushoto linamsumbua kuliko la kulia. Habari za kawaida kabisa, kama za mtu anayeongea na mwanawe aliyerudi kazini. Injini ikapiga mbweu, ikatikisika kwa nguvu, ikanyamaza. Mama akashuka akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

Alipompita Spana, akasema, "Chakula kipo mezani."

Hakuiambia sufuria. Alimwambia yeye.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila alasiri Spana aliupakia mchanga, akaipandisha pikapu kilimani, akaichemsha, akairudisha nyumbani ikiwa mgonjwa, na kila siku alilipwa sentensi moja. Oga kwanza. Mkono huo uupake mafuta. Umekonda. Alijua vizuri anachofanya. Alikuwa ananunua maneno ya mama kwa udanganyifu, tena udanganyifu wa kifundi, na fundi anayeliua gari kwa makusudi hana tofauti na daktari anayemwekea mgonjwa homa. Hilo nalo alilijua bila kulihisi. Alichohisi ni sentensi tu, na hata hizo zilimfikia kwa mbali, kama redio ya chumba cha pili.

Brashi hakuchukua muda kushtuka. Ana masikio huyu, ingawa kazi yake ni ya macho. Aliisikia pikapu ikipita mbele ya gereji ikigonga ndani kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo, akamfuata Spana akamuuliza ikiwa amesahau kazi au amerogwa. Skrubu imepandishwa juu, petroli ya bei ya chini, mzigo wa bure. Pistoni zitatoboka. Akasema kama angekuwa anamtafutia gari lile kifo, asingefanya kazi nzuri kuliko hiyo.

"Najua," Spana akasema.

"Sasa?"

"Sasa najua."

Brashi akamtazama, akaona hakuna mlango wa kuingilia, akarudi kwenye rangi zake. Lakini alikuwa amesema kweli. Pikapu haikuwa na siku nyingi. Mlio ule wa misumari ulikuwa unaongezeka, na Spana aliweza kukisia ni silinda ipi itakayotangulia. Injini ikifa hakuna tena kukohoa uani, na mama atarudi kuongea na sufuria, au atakwenda zake.

Alikuja shemeji. Huyu mdogo wa marehemu ni mkuu wa ghala la saruji, mtu safi, ana gari jipya linalowashwa na kuzimwa kwa kubonyeza kitufe, na tangu siku ile ya maziko hapendi hata kuiangalia pikapu. Alifungua geti alasiri moja akamkuta mama yake ndani ya gari lisilo na ufunguo, linatikisika lenyewe, naye anacheka na usukani. Alikuwa anamkumbusha mwanawe siku alipokwenda shule amevaa shati ndani nje. Shemeji akasimama pale pale. Alisubiri hadi injini iliponyamaza na mama kuingia ndani, kisha akamvuta Spana pembeni, karibu na pipa la maji.

Hakupandisha sauti. Alimwambia hamlaumu, kila mtu ana namna yake ya kubeba msiba, lakini mama ni mtu mzima na akili za mtu mzima si za kuchezea. Alimuuliza kama mama anajua kwamba ni ubovu wa gari. Spana akasema hajamwambia. Alimuuliza kama ni kweli alivyosikia, kwamba ubovu wenyewe unatengenezwa. Spana akasema ni kweli.

"Kesho nakuja kumchukua," akasema. "Kwangu kuna chumba, kuna watoto, atachangamka. Sikunyang'anyi, shemeji. Unaelewa lakini?"

"Sawa," Spana akasema.

Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi juu ya vichwa vyao. Shemeji aliliona akauma mdomo. Spana hakuliona.

Usifikiri hakutaka kusema zaidi. Maneno yalikuwepo. Alitaka kusema usinichukulie mama yangu, ni yeye tu niliyebaki naye, nitaacha huu mchezo, nitaifungua injini kesho, nitafanya lolote. Aliyaona maneno hayo yamejipanga, safi, kila moja mahali pake, na mdomo ukatoa sawa. Usiku huo mama mkwe alisikika akifungua na kufunga makabati. Hakuiambia sufuria neno, wala ufagio.

Siku iliyofuata Spana hakwenda gereji kabisa. Alipanda kilima mapema, akashuka, akapanda. Sindano ilifika nyekundu ikakaa humo. Aliporudi, gari jipya la shemeji lilikuwa limesimama nje ya geti, mlango wa nyuma umeinuliwa, begi la mama na kitanda chake cha kukunja vimekwisha kupakiwa. Shemeji alikuwa ameliegemea, anatazama simu ili asitazame kitu kingine. Mama mkwe alikuwa uani, amevaa viatu vya safari.

Spana akaingia, akasimama, akachomoa ufunguo. Pikapu ikakohoa kuliko siku zote. Boneti ilikuwa inaruka. Mama akaja akapanda kiti cha mbele, akafunga mlango.

Kwa kawaida hapa ndipo Spana huteremka akaenda ukutani. Safari hii hakuteremka. Aliushika usukani unaotikisika, akatazama mbele.

"Mama, huyu siye," akasema. "Ni masizi. Yanashika moto ndani. Na mimi ndiye ninayefanya yashike, nazungusha skrubu, napakia mchanga, kila siku. Siku ile pia yalikuwa ni masizi. Yeye hakuwemo."

"Najua," mama mkwe akasema.

Spana akageuka.

"Unadhani nimezeeka kichwa pia? Mwanangu alinieleza habari ya masizi mara ngapi. Nilikuwa namuuliza, kwa nini usimpe mkeo alisafishe hilo gari, mkeo ni fundi, ni aibu. Akawa ananicheka." Alikuwa anaongea polepole, na mikono yake juu ya dashibodi ilikuwa inatikisika pamoja na maneno. "Wewe ulikuwa unamwambia je, akifika hapa uani, gari linahangaika?"

"Nilikuwa namwambia, mtu mzima huwezi kuzima gari lako."

"Ukatoka jikoni na mikono yenye maji."

"Ndiyo."

"Ukaingiza kichwa humu, ukalizima wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Mtu ameendesha gari moja tangu hajaota ndevu, asijue kulikaba kwa gia? Alijua. Huko madukani kote alikuwa analizima mwenyewe, mimi nimepanda naye, nimeona. Hapa alikuwa analiacha. Aliniambia, Mama, nikilizima mwenyewe mke wangu hatoki. Ana kazi nyingi, anasema karibu kutoka huko huko ndani. Lakini gari likilia, anatoka."

Injini iligonga, ikatetema, ikagonga tena. Spana alifungua mdomo, na hakukuwa na sawa ndani yake.

"Ndiyo maana hakukupa ulisafishe," mama akasema. "Alikuwa anakuita."

Shemeji alikuwa ameinua macho kutoka kwenye simu.

"Siku ile nilipolisikia," mama mkwe akaendelea, "nilijua ni masizi. Lakini nilisema moyoni, haya, leo linaniita mimi. Mimi niliyemzaa. Leo niko mbele, niko karibu, nimeshika hapa. Na wewe ukatoka kule ulikokuwa, ukaja, kama kawaida yako." "Sikukuchukia kwa kile kishindo. Nilikuonea wivu. Mtu mzima, kaburini, namwonea wivu mjane. Nilishindwa kukutazama. Halafu jana nikasikia wanakuuliza juu yangu, ukasema sawa, kama wanaondoa kiti. Nikasema basi, na huyu hanitaki."

"Nakutaka," Spana akasema.

Sauti haikuwa yake. Ilitoka chini sana, ikakwaruza njiani. Alitaka kuirudia na badala yake ikatoka sauti nyingine isiyo na neno lolote, mbaya, ya mtu anayekabwa, na ikafuatiwa na nyingine. Alikuwa anamwona mumewe amekaa pale pale alipokaa yeye, ufunguo umeshachomolewa, miguu ameiondoa kwenye pedali, anatazama mlango wa jikoni. Jioni zote zile, mtu huyu alikuwa anangoja. Na yeye anatoka amenuna, anamsema, ananyoosha mguu kupita juu ya wake, anakanyaga breki. Mkono wenye malengelenge ulimuuma kwa mara ya kwanza tangu aungue. Ulimuuma vibaya. Kila kitu kilimuuma, magoti, koo, hata nywele. Alilaza uso juu ya usukani akalia kwa sauti mbele ya shemeji, geti likiwa wazi, majirani wakisikia.

Injini ilizima lini hakuna aliyejua. Hakuna aliyekuwa anaisikiliza.

Mama mkwe aliweka mkono mgongoni mwa Spana, akauacha hapo. Kwa mkono wa pili alifungua mlango wa upande wake, akatoa kichwa nje kumtafuta mwanawe mdogo.

"Shusha vitu vyangu," akamwambia.

Shemeji akaja hadi dirishani, akasema kwa upole kwamba watoto wanamngoja Bibi, kwamba chumba kimefagiliwa, kwamba walishakubaliana.

"Huyu ameanza kulia leo," mama mkwe akasema. "Mimi nilianza siku ile ile, na bado sijafika popote. Nani atakaa naye? Shusha, mwanangu, na kitanda pia."

Shemeji alibaki amesimama, akitazama mgongo wa shemejiye unavyopanda na kushuka. Kisha akarudi kwenye gari lake, akalitoa begi.